Yugoslavia au Usovieti: shirikisho lipi ulisome ukitaka kuelewa ugatuzi na haki za walio wachache

Noti ya rubli moja iliyotolewa na Umoja wa Kisovieti mwaka 1961 ni karatasi ndogo ya rangi ya hudhurungi. Ukiitazama vizuri utaona thamani yake imeandikwa kwa lugha 15: Kirusi, kisha lugha za jamhuri nyingine 14, mpaka Kiestonia, lugha ya watu milioni moja hivi. Dinari ya Yugoslavia nayo iliandikwa Kiserbokroatia kwa herufi za Kilatini na za Kikirili (zile za jamii ya Kirusi), halafu Kislovenia na Kimakedonia.

Sasa kitafute Kitatari kwenye rubli. Hakimo, ingawa Watatari walikuwa zaidi ya milioni 6. Kitafute Kialbania kwenye dinari. Hakimo vilevile, ingawa sensa ya 1981 ilihesabu Waalbania milioni 1.73 nchini Yugoslavia, wakati Wamakedonia walikuwa milioni 1.34 na Wamontenegro 579,000 tu. Wamontenegro walikuwa na jamhuri yao kamili. Waalbania wa Kosovo walikuwa na jimbo, tena ndani ya Serbia.

Nimeanza na noti kwa sababu kwenye mijadala yetu ya katiba, iwe Tanzania na serikali zake mbili au tatu, iwe Kenya na kaunti zake 47, hakosekani mtu wa kuwatisha wenzake: "Tutaishia kama Yugoslavia!" Mwingine humjibu kwa Usovieti. Wengi wanaujua mwisho wa sinema bila kuiona sinema yenyewe. Je, ukiwa na muda wa kuisoma nchi moja tu kwa kina, kwa ajili ya mjadala, darasa au tasnifu, uchague ipi? Jibu langu nalitoa mapema: Yugoslavia, kuanzia 1966 hadi 1989. Ila kuna maswali mawili ambayo ukiwa nayo, jibu hilo halikufai, na nitayataja.

Mwenye hati na mpangaji

Nchi hizi zilijengwa kwa ramani moja. Katiba ya Yugoslavia ya Januari 1946 ilifuata kwa karibu sana katiba ya Stalin ya 1936, na zote mbili ziliyapanga mataifa kwenye ngazi.

Usovieti ilikuwa na ngazi ndefu. Juu kabisa ilikaa jamhuri ya muungano, iliyoandikiwa hata haki ya kujitenga. Chini yake kulikuwa na jamhuri yenye mamlaka ya ndani, kisha mkoa wenye mamlaka ya ndani, kisha wilaya ya kitaifa. Novemba 1936 Stalin alieleza ni nani anayestahili kukaa juu: awe mpakani mwa nchi, maana aliyezungukwa akijitenga atakwenda wapi; watu wenye jina la jamhuri wawe wengi humo ndani; na jamhuri isiwe ndogo, iwe na watu milioni moja au zaidi. Watatari wako kando ya mto Volga, Urusi imewazunguka pande zote. Wakabaki ngazi ya pili, na noti ikawaruka.

Yugoslavia ilikuwa na ngazi fupi na maneno mawili yaliyobeba mzigo wote: *narod*, yaani taifa, na *narodnost*, jamii ya kitaifa. Waserbia, Wakroatia, Waslovenia, Wamakedonia na Wamontenegro walikuwa *narod*, na mwishoni mwa miaka ya 1960 Waislamu wa Bosnia nao wakatambuliwa hivyo. Waalbania na Wahungaria walikuwa *narodnost*, kwa maelezo kwamba wana nchi yao ng'ambo ya mpaka. *Narod* ana jamhuri. *Narodnost* anaweza kupata shule, gazeti, bendera, kiti bungeni, hata chuo kikuu, lakini jamhuri hapati.

Kwa lugha ya mjini, *narod* ana hati ya nyumba na *narodnost* amepanga. Mpangaji anaweza kuwa na makochi mazuri kuliko mwenye nyumba, na wakaishi vizuri miaka mingi, lakini siku ya ugomvi kinachoulizwa ni hati. Waroma hawakupata hata mkataba wa pango: katika ngazi ya shirikisho hawakuhesabiwa *narodnost*.

Hapo nchi hizi zinafanana kama pacha. Tofauti iko ndani ya vyumba.

Usovieti: lugha nyingi, ufunguo mmoja

Mwaka 1922 Stalin alitaka jamhuri zote ziingizwe ndani ya Urusi kama maeneo yenye mamlaka ya ndani. Lenin, mgonjwa kitandani, alikataa. Alitaka muungano wa jamhuri zilizo sawa. Lenin alishinda kwenye karatasi. Tarehe 30 Desemba 1922 Umoja ukazaliwa na jamhuri nne, na Aprili 1923 mkutano mkuu wa 12 wa chama ukapitisha sera iliyokuja kujulikana kama *korenizatsiya*, kutia mizizi: serikali izungumze lugha ya mwenyeji, na mwenyeji akalie kiti cha serikali.

Usiidharau sera hii. Kwa miaka kumi hivi ilifanywa kwa juhudi ambayo tawala chache duniani wakati huo zingeifikiria. Maofisa wa Kirusi huko Ukraine walitakiwa kujifunza Kiukraine. Lugha ambazo hazikuwahi kuandikwa zilipewa alfabeti, vitabu vya shule na magazeti. Ndani ya Ukraine yenyewe, vijiji vya Wapolandi, Wayahudi, Wajerumani na Wagiriki vilipewa mabaraza yaliyoendesha shughuli zao kwa lugha zao. Wakati huohuo, kwenye sehemu kadhaa za Afrika, mtoto alikuwa akiadhibiwa kwa kusema lugha ya mama yake shuleni.

Tazama sasa mambo yalivyogeuka. Tarehe 14 Desemba 1932, njaa ikiwa imeshaingia vijijini, chama na serikali walitoa amri ya kusimamisha kazi ya kueneza Kiukraine nje ya Ukraine. Kuban, kaskazini mwa Kaukazi, shule na magazeti ya Kiukraine yakageuzwa kuwa ya Kirusi. Hakuna bunge lililopiga kura wala mahakama iliyoulizwa. Julai 1933 Mykola Skrypnyk, aliyekuwa kamisaa wa elimu wa Ukraine na ndiye aliyeibeba kazi hiyo mabegani, alijiua. Machi 1938 Kirusi kikafanywa somo la lazima katika shule zote zisizo za Kirusi.

Na herufi? Waazeri waliacha hati ya Kiarabu wakahamia Kilatini katika miaka ya 1920, na ilipofika 1940 walikuwa wameshahamishiwa Kikirili. Mtoto aliyejua kusoma mwaka 1930 hakuweza kusoma barua za babu yake, na mdogo wake aliyeanza shule miaka kumi baadaye hakuweza kusoma daftari la kaka yake. Mtu wa Lamu au Unguja aliyewahi kufungua sanduku la wazee akakuta barua za Kiswahili kwa hati ya Kiarabu, asijue zinasema nini, ataipima hasara hiyo bila kuelezwa na mwalimu.

Kibaya zaidi ni watu wenyewe kuhamishwa. Mwaka 1937 Wakorea wapatao 170,000 waliondolewa Mashariki ya Mbali wakapelekwa Asia ya Kati. Agosti 1941 ilikuwa zamu ya Wajerumani wa Volga. Wachechni na Waingushi walipandishwa jamhuri ya ndani mwaka 1936; Februari 1944 walipakiwa kwenye mabehewa, karibu watu nusu milioni, na jamhuri yao ikafutwa. Mei 1944 wakafuata Watatari wa Krimea. Wachechni walirudishiwa jamhuri yao mwaka 1957. Wajerumani wa Volga hawakurudishiwa kamwe.

Ukiuliza kwa nini iliwezekana kirahisi hivyo, jibu liko kwenye chama. Jamhuri zilikuwa 15 lakini chama kilikuwa kimoja, na vyama vya jamhuri vilikuwa matawi yake. Katibu wa kwanza wa jamhuri kwa kawaida alikuwa mwenyeji, wa pili kwa kawaida Mrusi au Mslavi aliyetumwa na Moscow, na kila mtu ofisini alijua nani wa kumwogopa. Hata ugatuzi wa uchumi ulikwenda kwa mtindo huo. Mwaka 1957 Khrushchev, kiongozi wa Usovieti baada ya Stalin, alivunja wizara nyingi za viwanda akaunda mabaraza ya uchumi ya mikoa zaidi ya 100. Yeye akaangushwa 1964, na mwaka uliofuata mabaraza yakafutwa na wizara zikarudi Moscow.

Hiki ndicho Usovieti inachofundisha kuliko nchi nyingine yoyote: utambulisho unaweza kugatuliwa bila mamlaka kugatuliwa. Kwa zile jamhuri 15 za ngazi ya juu, kibao cha jina hakikuondolewa mlangoni hata wakati wa mabaya. Kizazi baada ya kizazi watu waliandikiwa utaifa wao kwenye pasipoti ya ndani, wakasoma katika vyuo vya jamhuri, wakawa na akademia ya sayansi na televisheni ya lugha yao. Mara chache walidai na wakapata. Aprili 1978 rasimu mpya ya katiba ya Georgia ilipotaka kukiondolea Kigeorgia hadhi ya lugha ya serikali, wanafunzi na wananchi walijaa barabarani Tbilisi, na Moscow ikarudi nyuma. Ilipofika 1991 mamlaka ya katikati yalipolegea, nchi 15 zilitoka kupitia milango 15 iliyokuwa na vibao tayari.

Yugoslavia: mamlaka yaligawiwa kweli

Hapa ndipo penye utamu, na uchungu.

Hadi 1966 Kosovo ilikuwa chini ya mkono mzito wa polisi wa usalama. Majira ya baridi ya 1955 na 1956 walifanya msako wa silaha vijijini, na Waalbania wengi walipigwa. Mkuu wa usalama alikuwa Aleksandar Ranković, Mserbia, aliyeonekana kuwa mrithi wa Josip Broz Tito, kiongozi wa Yugoslavia. Julai 1966, katika kikao cha kamati kuu kisiwani Brioni, aling'olewa kwa tuhuma za kutega vinasa sauti mpaka nyumbani kwa Tito mwenyewe. Kuanguka kwake kukafungua lango. Marekebisho ya katiba yakafuatana: 1967, 1968, 1971.

Novemba 1968 Waalbania waliandamana Pristina, mji mkuu wa Kosovo, wakidai Kosovo iwe jamhuri. Waandamanaji walikamatwa, na jamhuri hawakupata, lakini waliyopata hayakuwa madogo: bendera yao ikaruhusiwa kupepea, na Chuo Kikuu cha Pristina kikafunguliwa, chenye masomo kwa Kialbania na kwa Kiserbokroatia. Wahadhiri na vitabu vilikuja kutoka Tirana, mji mkuu wa Albania, nchi ambayo serikali yake ilikuwa ikimtukana Tito kila siku redioni. Sijui shirikisho jingine la kikomunisti lililothubutu jambo hilo.

Kisha ikaja katiba ya 21 Februari 1974, yenye vifungu 406, miongoni mwa katiba ndefu kuliko zote duniani. Hii isome polepole. Baraza moja la Bunge la shirikisho lilikuwa na wajumbe 30 kwa kila jamhuri na 20 kwa kila jimbo. La pili lilikuwa na 12 kwa jamhuri na 8 kwa jimbo, na hapo mambo makubwa ya uchumi yalihitaji maafikiano ya wote. Halikuangalia ukubwa: Montenegro ndogo na Serbia kubwa zilikuwa na idadi ileile. Kosovo na Vojvodina, ingawa kwenye ramani zilikuwa ndani ya Serbia, zilipata katiba zao, mabunge yao, mahakama kuu zao, na kiti kila moja katika Urais wa pamoja wa watu tisa. Sinan Hasani, Mualbania wa Kosovo, aliongoza Urais huo mwaka 1986 hadi 1987 kwa zamu yake.

Vojvodina ndiyo ningemwonyesha mtu anayedhani haki za lugha ni ndoto. Lugha rasmi tano: Kiserbokroatia, Kihungaria, Kislovakia, Kiromania na Kirusini. Warusini hao ni wachache mno, na bado walikuwa na gazeti lao, *Ruske slovo*, wakati Wahungaria walikuwa na gazeti la kila siku, *Magyar Szó*. Radio Novi Sad ilitangaza kwa lugha zote tano.

Usinielewe vibaya: huku haikuwa demokrasia. Desemba 1971 Tito aliwaangusha viongozi wa Kroatia, Savka Dabčević-Kučar na Miko Tripalo, kwa kuachia vuguvugu la uzalendo wa Kikroatia. Mwaka uliofuata waliberali wa Serbia, Marko Nikezić na Latinka Perović, nao wakaondolewa. Kinachochekesha, kama kuna cha kuchekesha, ni kwamba baada ya kuwafukuza waliodai mamlaka ya jamhuri, Tito alizipa jamhuri mengi ya waliyoyadai. Mamlaka yaligatuliwa, lakini waliopokea walichaguliwa kwa utiifu. Kilichopungua hapo ni watu wenye kauli ya kuyatumia.

Fedha na bunduki

Kwenye fedha nitapita haraka. Moscow ilipanga kila kitu kutoka juu, na jamhuri ziliomba. Yugoslavia ilikuwa na mfuko wa shirikisho ulioundwa 1965 kusaidia jamhuri nyonge na Kosovo, ukichangiwa kwa sehemu isiyofika asilimia 2 ya pato la uchumi wa kijamaa. Slovenia na Kroatia zilinung'unika kwamba wanalishwa wavivu. Kosovo ilinung'unika kwamba fedha zinaingia kwenye migodi na mitambo isiyoajiri watu. Kila mwaka pengo likapanuka. Machi 1981 ghasia za Pristina zilianzia kwenye foleni ya chakula cha chuo kikuu: wanafunzi walichoka na chakula kibovu na mabweni yaliyofurika. Baada ya wiki chache kaulimbiu ilikuwa "Kosovo Jamhuri" na vifaru vilikuwa mitaani.

Bunduki ndiyo tofauti ambayo waandishi wengi huisahau. Jeshi la Kisovieti lilikuwa moja tu. Yugoslavia, baada ya kuona Czechoslovakia ikivamiwa Agosti 1968, iliunda mwaka 1969 Ulinzi wa Maeneo: kila jamhuri na kikosi chake cha akiba, silaha zake, makamanda wake. Ugatuzi ukafika mpaka ghalani mwa risasi. Slovenia ilipotangaza uhuru Juni 1991, vikosi hivyo ndivyo vilivyosimama mbele ya jeshi la shirikisho kwa siku kumi. Anayekwambia Usovieti ilikufa kwa amani na Yugoslavia kwa damu, mkumbushe vita vya Karabakh, Abkhazia na Tajikistan, kisha mwambie aiweke habari ya silaha kwenye hesabu yake. Bosnia pekee ilipoteza takriban watu 100,000.

Wadogo wa wadogo

Kila unayempa mamlaka ana mdogo wake, na hapa nchi hizi mbili zinalingana tena.

Georgia iliilalamikia Moscow, na ndani ya Georgia Waabkhazia waliilalamikia Tbilisi. Mwaka uleule wa 1978, Wageorgia walipokuwa wakiipigania lugha yao, Waabkhazia waliomba watoke Georgia wahamie Urusi. Waliliwazwa kwa chuo kikuu chao wenyewe huko Sukhumi. Mwaka 1992 vita vikazuka.

Kosovo, Waserbia waliokuwa asilimia 23.6 ya wakazi mwaka 1961 walikuwa asilimia 13.2 mwaka 1981. Wengine waliondoka kutafuta kazi, wengine kwa sababu ya shinikizo na woga, na vizazi vya Waalbania vilikuwa vingi zaidi. Kila upande ulichukua sababu iliyoufaa. Serbia ilikuwa na hoja halali ya kikatiba pia: majimbo yake yalikuwa na sauti katika bunge la Serbia, lakini Serbia haikuwa na sauti kama hiyo ndani yao, na hakuna jamhuri nyingine iliyobanwa hivyo. Aprili 1987 Slobodan Milošević, kiongozi wa chama cha kikomunisti cha Serbia, alikwenda Kosovo Polje kusikiliza malalamiko hayo, akarudi Belgrade, mji mkuu, amebeba mtaji wa kisiasa. Na Kroatia, katiba ya Desemba 1990 iliwashusha Waserbia wake, asilimia 12 ya wakazi, kutoka taifa linaloijenga jamhuri hadi jamii ya wachache. Hawa walikuwa wamezoea kuwa na hati, na ghafla wakaambiwa wamepanga.

Namna mamlaka yanavyonyang'anywa

Ukichagua Yugoslavia, sehemu hii ndiyo utakayoikumbuka miaka mingi.

Usovieti ilinyang'anya kwa amri, usiku, kwa mabehewa. Serbia ya 1989 haikuweza hivyo. Kubadili katiba yake kulihitaji ridhaa ya mabunge ya majimbo, kwa hiyo hata mnyang'anyi alilazimika kutafuta muhuri. Oktoba 1988 umati uliwaangusha viongozi wa Vojvodina huko Novi Sad, ukilirushia maziwa ya mgando jengo la bunge, ndiyo maana yakaitwa mapinduzi ya mtindi. Januari 1989 ikawa zamu ya Montenegro. Februari, wachimba migodi zaidi ya 1,000 wa Stari Trg, Kosovo, walijifungia chini ya ardhi siku nane wakidai misingi ya 1974 isiguswe. Waliahidiwa, wakatoka, na ahadi ikayeyuka. Azem Vllasi, kiongozi waliyemuunga mkono, akakamatwa.

Tarehe 23 Machi 1989 Bunge la Kosovo liliketi Pristina. Nje kulikuwa na vifaru. Ndani, kati ya wajumbe, walikaa watu wa usalama na wa chama wasiokuwa wajumbe. Marekebisho yakapita, na tarehe 28 Machi Belgrade ikayaidhinisha.

Sasa angalia ujanja wenyewe. Serbia ilizima mamlaka ya Kosovo na Vojvodina, lakini viti vyao katika Urais wa shirikisho haikuvigusa. Pamoja na Montenegro, Belgrade ikawa na kura nne kati ya nane (kiti cha tisa, cha mkuu wa chama, kilikuwa kimeshafutwa). Kiti kilichowekwa kumlinda mdogo kikawa mkono wa ziada wa mkubwa. Machi 1991 mjumbe wa Kosovo, Riza Sapunxhiu, alipokataa kupiga kura kama Belgrade ilivyotaka, Bunge la Serbia lilimwondoa.

Kwa hiyo unaposoma katiba yoyote yenye ugatuzi, usiulize tu nani amepewa kiti. Uliza nani anaweza kumwondoa aliyekikalia, na kwa kura ngapi. Usovieti haina la kukufundisha hapo, kwa sababu jibu lake lilikuwa moja kila mara.

Basi uchague ipi?

Kama unachotafuta ni lugha, shule na alfabeti, au jinsi dola inavyoweza kumlea mtu kuwa Muuzbeki au Mukraine huku ikimnyima kauli, chukua Usovieti, 1923 hadi 1938. Itakusaidia pia kuielewa Ethiopia. Kifungu cha 39 cha katiba yake, kinachotoa haki ya kujitenga kwa "mataifa" na "jamii za kitaifa", kina harufu kali ya Moscow, na waandishi wake walikulia kwenye maandishi hayo.

Kama swali lako ni muungano wa wawili, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, acha zote mbili, nenda Czechoslovakia. Sheria ya 27 Oktoba 1968 iliigeuza shirikisho la Wacheki na Waslovakia; karibu mageuzi mengine yote ya mwaka ule, yaliyoitwa Majira ya Kuchipua ya Prague, yalizikwa na vifaru vya Kisovieti, hilo likabaki. Katika Baraza la Mataifa walikuwa 75 kwa 75, na kwenye mambo makubwa wengi wa upande mmoja hawakuweza kuwameza wa upande wa pili. Waslovakia walikuwa na chama chao cha kikomunisti lakini Wacheki hawakuwa nacho, kwa kuwa mkubwa alihesabiwa kuwa ndiye nchi yenyewe. Mtanzania aliyeifuatilia rasimu ya katiba ya Tume ya Warioba na swali la Tanganyika atasimama hapo kidogo. Zaidi ya hapo sifananishi, kwani historia ya Zanzibar si ya Bratislava, mji mkuu wa Waslovakia.

Kwa mengine yote, Yugoslavia. Ndiyo pekee kati yao iliyogawa mamlaka yenyewe, kwa hiyo ndiyo pekee ambapo unaweza kuona mamlaka hayo yakitumika, yakigombewa, yakiibwa. Ukianza na vita vya 1991 utaona chuki tu na utadhani ni ya asili. Anza na kikao cha Brioni, 1966, usome katiba ya 1974 angalau sehemu ya Bunge na Urais, kisha uruke hadi Pristina, 2 Julai 1990. Wajumbe Waalbania zaidi ya mia moja walifika kazini wakakuta mlango wa Bunge umefungwa. Wakasimama kwenye ngazi za nje wakasoma tamko lao. Siku hiyo hawakutangaza kutoka Yugoslavia. Walitangaza kwamba Kosovo ni jamhuri, sawa na nyingine, ndani ya Yugoslavia. Baada ya siku tatu Serbia ikalivunja Bunge hilo.